Ruksa na Azima: Maneno ya Mzee Mwinyi

Viongozi wengi huacha nyuma yao majengo, sheria na picha za ukutani. Alhaj Ali Hassan Mwinyi, aliyekuwa Rais wa Zanzibar kuanzia Januari 1984, na kisha Rais wa Jamhuri ya Muungano wa Tanzania kuanzia Novemba 1985 hadi Novemba 1995, aliacha pia neno, na neno hilo likageuka kuwa jina lake. Tangu Kigoma hadi Wete alijulikana kuwa ni Mzee Ruksa. Walimwita hivyo waliompenda na walimwita hivyo waliomlaumu, na ni nadra kwa jina la utani kubeba sifa na lawama kwa uzani mmoja. Wachumi wameuandikia utawala wake mengi, na wanasiasa wameusemea zaidi. Sisi tunaoshughulika na lugha nasi tuna fungu letu katika khabari hii, kwani maneno ya mzee huyu yalikuwa na nasaba, na asiyeijua nasaba hiyo huyasikia nusu.

Tuanze na nasaba ya ruksa yenyewe. Neno ni la Kiarabu, na kabla ya kuingia sokoni lilikuwa neno la chuoni. Mafakihi huliweka rukhsa ubavuni mwa neno jengine, azima, na aghlabu hawalitaji moja bila ya kulitaja la pili. Azima (si ile ya kuazimana sufuria, wala ile hirizi ifungwayo mkononi) ni hukumu ya asili, ile inayomkalia kila mtu katika hali ya kawaida. Rukhsa ni wepesi anaopewa aliyefikwa na uzito. Msafiri hufupisha sala zake. Mgonjwa hula mchana wa Ramadhani, akazilipa siku zake akishapona. Aliyekaribia kufa kwa njaa huruhusiwa hata kile kilichokuwa haramu kwake, kwa kadiri ya kuiokoa roho. Wepesi huu umefungamana na uzito uliouleta: uzito ukiondoka, azima hurejea mahali pake. Rukhsa, kwa maana hiyo, haiifuti sheria. Huipisha kando kwa muda.

Sasa tazama. Mzizi ule ule uliozaa azima ndio uliotupa Kiswahili cha kuazimia, na kutokana na kuazimia tukapata azimio. Tangu Februari 1967 Tanzania ilikuwa ikiongozwa na Azimio, nalo ni lile la Arusha, lililoweka njia kuu za uchumi mikononi mwa umma na kumkataza kiongozi kuwa na hisa, mishahara miwili au nyumba za kupangisha. Kisha ikaja ruksa. Hakuna aliyekaa kitako akayapanga hivyo, lakini anayepita katika historia hii akiwa na kitabu cha fikihi kwapani ataona kwamba katika muda wa miaka ishirini lugha yetu ya siasa ilitoka kwenye azima ikaingia kwenye rukhsa, na kwa maneno yale yale ya wanazuoni.

Mwenye kulitamka neno hilo hakuwa mgeni wa vitabu hivyo. Alizaliwa tarehe 8 Mei 1925 katika kijiji cha Kivure, sehemu za Mkuranga, na akiwa bado mtoto akaletwa Unguja ili asome dini. Akasoma na skuli, Mangapwani na Dole, kisha akaingia chuo cha ualimu, na mwaka 1945 akarudi Mangapwani kufundisha. Miaka ya 1950 alipelekwa Uingereza kuongeza elimu ya ualimu, na aliporejea akawa mkuu wa chuo cha walimu Zanzibar. Kabla hajawa mwanasiasa, basi, alikwishakuwa mwalimu kwa karibu miaka ishirini. Sikio la mwalimu wa zamani husikika katika Kiswahili chake: sentensi fupi, methali mahali pake, na mzaha unaomwangukia msemaji mwenyewe kabla haujamwangukia mwengine.

Alipoitwa kushika uongozi wa Zanzibar, mwishoni mwa Januari 1984, ilikuwa ni baada ya Mzee Aboud Jumbe kujiuzulu huko Dodoma, katika kipindi ambacho kwa lugha ya wakati ule ilisemwa kwamba hali ya hewa ya kisiasa imechafuka. Bei ya karafuu ilikuwa imeporomoka, kwa kuwa Indonesia, mnunuzi wetu mkubwa wa miaka mingi, ilikuwa imejipandia mikarafuu yake ikajitosheleza. Fedha za kigeni zilikuwa adimu, na maduka yalikuwa na rafu nyingi kuliko bidhaa. Huo ndio uzito uliotangulia wepesi. Serikali yake, ikiwa na Maalim Seif Sharif Hamad kama Waziri Kiongozi, iliwafungulia watu binafsi mlango wa kuagiza bidhaa, na ni haki kusema kwamba sifa ya mageuzi yale haikuwa ya mtu mmoja. Mwaka huo huo ikapitishwa Katiba mpya ya Zanzibar iliyotaja haki za binaadamu kwa orodha. Wenye umri wanaikumbuka zaidi sukari, na hawana kosa.

Hata hivyo ruksa ilipata umaarufu wake Tanzania Bara. Mwaka 1983 palikuwa na msako wa waliohesabiwa kuwa wahujumu uchumi, na watu walitupa baharini na vichakani mali ambazo leo mtu huzianika mlangoni bila ya wasiwasi. Kuanzia 1984 waliokuwa na fedha zao nje waliruhusiwa kuleta bidhaa bila ya kuulizwa fedha hizo wamezipata wapi. Mwinyi alipoingia Ikulu aliurithi mlango huo ukiwa umefunguliwa upenyo, akausukuma. Agosti 1986 serikali ilifikia makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa, jambo ambalo Mwalimu Nyerere alilipinga kwa miaka. Zikaja nguo za mitumba, zikaja sabuni na mafuta ya kupikia, zikaja daladala zilizoruhusiwa kufanya kazi hadharani. Sheria ya 1991 ikazikubali benki za watu binafsi, na mwaka uliofuata yakaruhusiwa maduka ya kubadilisha fedha. Kila kilichofunguliwa watu walikisherehekea kwa neno moja.

Bei ya wepesi huo nayo ilikuja kwa hesabu. Dola moja iliyokuwa ikinunuliwa kwa shilingi kama 17 mwaka 1985 ilikwishavuka shilingi 500 alipoondoka madarakani. Wazazi wakaanza kuchangia skuli, wagonjwa wakaanza kuchangia hospitali. Wafadhili walisimamisha misaada mwishoni mwa 1994 kwa sababu ya misamaha ya kodi iliyotolewa kwa wafanyabiashara, na misamaha hiyo, ukiitazama vyema, ilikuwa ni ruksa za siri walizopewa wachache katikati ya ruksa ya hadharani waliyopewa wote. Mapema katika utawala wake Mzee Mwinyi alitangaza kwamba ameshika fagio la chuma. Mwaka 1990 alilivunja baraza lake la mawaziri ili kuwaondoa waliotuhumiwa. Fagio lilisifiwa sana. Uchafu ulirudi, na kwa maoni yangu msemo huu ndio uliodumu kidogo kuliko misemo yake yote, pengine kwa sababu ndio pekee uliokuwa na sauti ya ukali, na ukali haukuwa wake.

Tabia yake ilikuwa katika misemo ya unyenyekevu. Alikuwa amerithi kiti cha mtu aliyeiunda nchi, na hadi Agosti 1990 mtu huyo alibaki kuwa mwenyekiti wa chama kilichokuwa juu ya serikali. Wahenga wa bahari wameshasema kuhusu manahodha wengi na chombo kwenda mrama. Mzee Mwinyi hakushindana. Alijifananisha na kichuguu kando ya Mlima Kilimanjaro, na watu wakacheka, na katika kicheko hicho akapata nafasi ya kufanya asichokifanya mlima. Tusidanganyike na unyenyekevu wa aina hii. Wazee wa pwani wanaujua: mtu hushusha sauti yake hadi wote wakanyamaza ili wamsikie.

Ndipo tunapoufikia msemo wake wa pili kwa umaarufu, usemao kwamba kila zama na kitabu chake. Haukuwa wake kwa maana ya kuutunga. Una ujamaa wa karibu na aya ya 38 ya Suratur-Raad, na msikilizaji aliyepita chuoni aliutambua ujamaa huo papo hapo. Kwa kauli hiyo aliwajibu waliomuuliza kwa nini Azimio linaachwa. Hakusema kwamba kitabu cha kwanza kilikuwa na makosa. Angesema hivyo angeingia vitani na mlima. Alisema kwamba kitabu kilikuwa sahihi na zama zake zimepita, na jibu hilo ni gumu kulijibu, kwa kuwa linamsifu unayetaka kumuacha.

Lakini hapa pana tatizo ambalo watetezi wa Mzee Mwinyi hulikwepa, nami sioni sababu ya kulikwepa. Kusema kila zama na kitabu chake ni kusema kwamba kuna kitabu kipya. Kiko wapi? Februari 1991 Halmashauri Kuu ya Chama cha Mapinduzi ilikutana Zanzibar ikalegeza masharti ya uongozi: kiongozi sasa aliweza kuwa na hisa, kupangisha nyumba, kupokea zaidi ya mshahara mmoja. Maamuzi hayo yakaitwa Azimio la Zanzibar. Kwa jina ni azimio, kwa maana ni rukhsa tupu, tena rukhsa waliyojipa viongozi wenyewe bila ya kueleza uzito uliowafika. Halikusambazwa vijijini kwa vitabu na ngonjera kama lilivyosambazwa la Arusha. Mwalimu Nyerere, alipokuwa nje ya madaraka, alilisema kwa kejeli kali. Mtu anaweza kutokubaliana na Mwalimu kuhusu uchumi, nami sikubaliani naye kwa mengi, na bado akaona kwamba katika jambo hili alishika penye maumivu: kitabu cha zamani kilifungwa na kitabu kipya hakikuandikwa. Watu wa kawaida walihitaji wepesi, kwani walikuwa safarini na wagonjwa na wenye njaa. Waliokuwa wakila na kushiba walichukua wepesi usiokuwa wao.

Upungufu mwengine wa ruksa umo ndani ya neno lenyewe. Haki ni ya mwenye nayo. Ruksa ina mtoaji, na aliyeitoa huweza kuizuia. Sisi wa visiwani tulilijua hilo mapema, kwa sababu ruksa ya sukari ilifika kabla ya ruksa ya ulimi. Maalim Seif aliondolewa katika wadhifa wake Januari 1988, akafukuzwa chamani mwaka huo, na kutoka Mei 1989 hadi Novemba 1991 alikuwa kizuizini na mahabusi. Yote hayo yalipita katika zama za Mzee Ruksa. Kuyataja hakumvunjii marehemu heshima. Kuyaficha kungelivunjia heshima neno lake.

Mageuzi ya vyama vingi yaliigusa mipaka hiyo hiyo. Mwaka 1991 Rais Mwinyi aliunda tume chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali izunguke nchi iulize watu kama wanataka kuendelea na chama kimoja. Karibu wanne katika kila watano walijibu kwamba wanataka kuendelea nacho. Tume ikapendekeza vyama vingi hata hivyo, na serikali ikakubali, na tangu Julai 1992 vyama vikaanza kuandikishwa. Ni mara chache katika historia watawala kuwapa wachache walichokitaka kabla ya wachache hao kugeuka kuwa wengi barabarani. Kwa hilo Mzee Mwinyi anastahiki shukurani ambazo hajapewa vya kutosha. Lakini tume hiyo hiyo iliorodhesha sheria 40 ambazo ilitaka zifutwe au zirekebishwe kwa kuwa zilikuwa zikiwabana raia, na nyingi zilibaki vitabuni kwa miaka mingi. Vyama vilipewa ruksa ya kuwepo huku sheria za zama zilizopita zikiwa bado zinasimamia mikutano yao. Katika uchaguzi wa Oktoba 1995 Zanzibar iliona jinsi wepesi usio na msingi unavyoweza kukwama, matokeo ya urais yalipotangazwa kwa tafauti isiyofika hata asilimia moja, na mzozo wake ukatukaa miaka.

Na hata hivyo kuna siku moja ambapo neno hili lilipanda daraja, nami naihesabu kuwa ndiyo siku yake bora. Aprili 1993 baadhi ya vijana wa Kiislamu walivunja mabucha ya nguruwe mjini Dar es Salaam. Nchi ilikuwa na joto. Mapema mwaka huo mzozo wa Zanzibar kujiunga na Jumuiya ya Nchi za Kiislamu ulikuwa umelitikisa Bunge. Rais alikuwa Muislamu, Alhaji, mtoto wa chuoni. Angeweza kunyamaza, au kusema maneno mawili yasiyomkera mtu. Kauli inayokumbukwa hadi leo, na inayosimuliwa barazani kwa vicheko, ni kwamba anayetaka kula nguruwe ruksa, na asiyetaka naye ruksa. Fikiria uzito wa jambo hilo kwa aliyeijua fikihi. Nguruwe ndiye mfano wa vitabuni wa rukhsa: huliwa na aliyefikwa na dharura tu. Mzee Mwinyi alilichukua neno hilo hilo, akaliondoa katika dharura, akawapa raia wenzake wasiokuwa wa dini yake, wakiwa wameshiba na wazima. Hakuwahalalishia Waislamu kitu. Alisema kwamba sahani ya jirani haimo katika mamlaka yake. Pale ruksa iliacha kuwa wepesi ikakaribia kabisa kuwa haki, na tungependa kuona siku nyingi zaidi za namna hiyo katika miaka ile kumi.

Umebaki msemo unaonukuliwa mno tangu kufariki kwake: kwamba maisha ya mwanaadamu ni hadithi, basi mtu ajitahidi awe hadithi njema kwa watakaomsimulia. Wengi hudhani wazo hilo lilizaliwa naye. Lina umri wa zaidi ya miaka elfu, nalo limo katika kasida mashuhuri ya Ibn Duraid, ile iitwayo Maksura, ambayo ilihifadhiwa na kufasiriwa na vizazi vya wanafunzi wa Kiarabu. Ibn Duraid alizaliwa Basra yapata mwaka 837, katika ukoo wa Azd wa Oman. Mwaka 871 waasi walioitwa Zanj, kwa jina ambalo Waarabu waliwapa watu wa upande wetu wa bahari, waliuteka mji ule, naye akakimbilia Oman akakaa huko kiasi cha miaka 12 kabla ya kwenda Uajemi, alikoitunga kasida yake. Kwa hiyo fikra aliyotuachia Mzee Mwinyi ni ya mshairi aliyekimbizwa na watu waliobeba jina la pwani yetu, nayo ikazunguka karne kumi na moja kabla ya kutua katika Kiswahili cha mtoto wa Mkuranga. Wapenzi wa ushairi watanisamehe nikiona ladha katika safari hiyo.

Hadithi ya mtu husimuliwa kwa matendo, na katika matendo yake mimi huyaweka mbele mawili yasiyohusiana na uchumi hata kidogo. La kwanza ni la Januari 1977. Alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani. Katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga, polisi na maafisa wa usalama waliokuwa wakipeleleza mauaji ya vikongwe walioshukiwa uchawi waliwatesa watuhumiwa, na baadhi yao wakafa. Waziri hakuwapo, hakuamuru, hakujua kwa wakati. Alijiuzulu. Hapakuwa na neno la ruksa pale. Ilikuwa azima, na alijihukumu kwayo mwenyewe. Alipelekwa kuwa balozi Misri, na wengi walidhani ndio mwisho wake.

La pili ni la Machi 2009, katika baraza la Maulidi ukumbi wa Diamond Jubilee, Dar es Salaam. Alikuwa na umri wa miaka 83 akiwazungumzia watu kuhusu kujikinga na ukimwi, kijana mmoja akapanda jukwaani akampiga kofi. Mzee aliwatuliza watu, kisha akaendelea na hotuba yake. Ninayemkumbusha khabari hii huniambia kwamba huo ulikuwa ni upole. Mimi naona pia ualimu: somo lilikuwa halijaisha.

Kati ya mawili hayo liko tendo la Novemba 1995, ambalo kwa sasa tunaliona la kawaida. Aliondoka Ikulu kwa sababu vipindi viwili vya katiba vilikuwa vimekwisha, wa kwanza kuondoka kwa hukumu hiyo. Ukomo ule uliingizwa katika Katiba mwaka 1984, kabla yake, na yeye ndiye aliyeukuta. Kila rais wa Muungano aliyemaliza vipindi viwili baada yake amepita katika mlango huo huo.

Kumbukumbu zake zilichapwa mwaka 2021, alipotimiza miaka 96, nazo zikaitwa Mzee Rukhsa: Safari ya Maisha Yangu. Magazeti yalikuwa yameliandika jina lake kwa k peke yake kwa zaidi ya miaka thalathini. Juu ya jalada la kitabu chake limeandikwa kwa kh, kama linavyotamkwa chuoni. Alifariki Dar es Salaam tarehe 29 Februari 2024, na tarehe 2 Machi akazikwa Mangapwani, alikosomea utotoni, alikoanzia kazi ya kufundisha.